Utetezi wa Mchezo Uliosahauliwa

Wako watu katika mji wa Nairobi, na hasa katika mitaa ya upande wa mashariki, wasemao kwamba kila mchezo uchezwao katika kioo cha runinga ni adui wa kijana. Wako na wengine, nao ni vijana wenyewe, wasemao kwamba mchezo wowote uliotungwa kabla ya wao kuzaliwa ni takataka. Makundi haya mawili hayapatani katika jambo lolote, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili hukata hukumu kabla ya kumsikiliza mshtakiwa. Katika insha hii nataka kumleta mshtakiwa mmoja mbele yako, msomaji, ili umsikilize kwa haki. Jina lake ni Missile Command. Ni mchezo wa kupiga shabaha uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1980. Nasema ya kuwa mchezo huu una mafunzo ambayo kijana wa Eastlands anayahitaji leo kuliko zamani, na ya kuwa kuuacha ufe katika usahaulifu ni hasara kwetu.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Pita Kaloleni, Jericho, Umoja, Kayole au Dandora alasiri, wakati shule zinapofungwa. Utaona vibanda vya mabati vyenye pazia mlangoni, na ndani yake runinga mbili tatu, na mbele ya kila runinga vijana wawili wanaocheza na wengine kumi wanaongoja zamu. Mara nyingi wanacheza kandanda. Wasipocheza kandanda, wanacheza michezo ya ngumi, au ile ambayo mchezaji hushika bunduki akazunguka mjini akiua watu. Siwalaumu kwa kupenda mchezo. Mchezo ni chakula cha moyo, na mtaa usio na uwanja wa kutosha humlazimisha mtoto atafute uwanja mwingine popote aupatapo. Lakini yupo jirani wa vibanda hivi ambaye ni hatari zaidi, naye ni lile sanduku la kamari lenye taa za rangi, ambalo limeingia katika maduka na vichochoro vyetu likila sarafu za wanafunzi. Maofisa wa serikali wamekamata mengi ya masanduku hayo na kuyaharibu, lakini tamaa ya kupata bila ya kutoa jasho haiharibiwi kwa nyundo.

Ni ajabu kwamba sanduku la kamari na sanduku la mchezo wa zamani hufanana kwa sura. Yote mawili yana kioo, yana taa, na yana tundu la sarafu. Lakini ndani yake yametofautiana kama asali na shubiri. Mtu atiaye sarafu katika sanduku la kamari hununua bahati, na hata akilicheza miaka kumi hatakuwa hodari zaidi ya siku ya kwanza. Mtu aliyetia sarafu katika Missile Command alinunua jaribio la macho yake, mkono wake na akili yake, na kila sarafu ilimwacha akijua kitu ambacho hakukijua kabla. La kwanza humfanya mtu kuwa mtumwa, na la pili humfanya kuwa mwanafunzi. Mzazi ayachanganyaye mawili haya kwa kuwa yote mawili yana taa ni kama mtu akataaye dawa kwa sababu chupa yake yafanana na chupa ya sumu.

Sasa sikiliza jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Chini ya kioo pana miji sita midogo, na kati ya miji hiyo na pembeni mwake pana vituo vitatu vya ulinzi. Kutoka juu hushuka makombora ya adui, kila moja likichora mstari mwembamba angani kuelekea mji au kituo. Mchezaji hana kijiti cha kushika wala gurudumu. Ana mpira uliopachikwa mezani, ambao huuzungusha kwa kiganja ili kusogeza alama ya shabaha, na ana vifungo vitatu, kimoja kwa kila kituo. Akibonyeza kifungo, kombora lake huruka kutoka katika kituo hicho hadi pale alipoweka alama, nalo hupasuka likawa duara la moto ambalo hukua kisha likanywea. Kombora lolote la adui liingialo ndani ya duara hilo huteketea. Kila kituo kina makombora 10 tu kwa raundi moja, yaani jumla ni 30. Yakiisha, mchezaji hukaa akitazama tu mpaka raundi iishe. Kadiri raundi zinavyoendelea, makombora ya adui huja kwa kasi zaidi, mengine hugawanyika angani yakawa matatu au manne, na baadaye huja mabomu yenye hila yanayokwepa moto.

Zingatia jambo moja, msomaji, kwa kuwa ndilo shina la hoja yangu. Katika mchezo huu huwezi kumshambulia mtu. Hakuna nchi ya adui katika kioo, hakuna askari wa kumwua, wala hakuna mji wa mwingine wa kuuchoma. Kila risasi yako ni ngao. Mwaka 1978 Wajapani wa kampuni ya Taito walikuwa wameuletea ulimwengu mchezo wa Space Invaders, ambao mchezaji hulenga safu za maadui mpaka awamalize. Miaka miwili baadaye akaja mtunzi wa Missile Command, Dave Theurer, akageuza swali. Hakuuliza, "Utaua wangapi?" Aliuliza, "Utaokoa wangapi?"

Hata hesabu ya alama inasema hivyo. Katika raundi za mwanzo, kombora la adui ulilolipiga hukupa alama 25. Mji uliosalimika mwisho wa raundi hukupa alama 100. Kombora lako ambalo hukulitumia hukupa alama 5. Basi mchezaji aliyeokoa miji yote sita na kubakiza makombora 10 hupata alama 650 za ulinzi na akiba, na ili mtu apate kiasi hicho kwa kupiga tu, hana budi kuangusha makombora 26. Mtungaji aliiweka thamani ya mji mmoja kuwa sawa na mapigo manne. Ni mchezo gani katika vibanda vyetu unaompa mchezaji malipo kwa risasi ambayo hakuipiga?

Hapa ndipo lilipo fundisho la kwanza, nalo ni la akiba. Mchezaji wa bao hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana ajua kwamba kila kete ina kazi yake na kete iliyotupwa ovyo hairudi. Kijana afyatuaye makombora yote 30 katika nusu ya kwanza ya raundi kwa furaha ya kuona moto, ataitazama miji yake ikiungua katika nusu ya pili bila ya kuwa na la kufanya. Akiba haiozi, na anayeuelewa mchezo huu hahitaji kuhubiriwa methali hiyo mara ya pili.

Fundisho la pili ni kuona mbele. Kombora lako huchukua muda kufika, kwa hiyo ukilenga pale alipo adui sasa, utapiga hewa tupu. Lazima ulenge pale atakapokuwa. Mvulana aliyewahi kulenga ndege arukaye kwa manati ajua jambo hili kwa mkono, lakini Missile Command humlazimisha alijue kwa hesabu. Tuseme kombora la adui linashuka sentimita 3 kwa kila sekunde, na kombora lako litahitaji sekunde 2 kufika katika njia yake. Basi weka shabaha sentimita 6 mbele ya adui. Ukitumia kituo cha kati, ambacho makombora yake huruka kwa kasi zaidi, huenda muda ukawa sekunde 1 tu, nawe utalenga sentimita 3 mbele. Hapo pana mwendo, muda, umbali na uwiano, yaani masomo yale yale ambayo mwanafunzi huyalalamikia darasani kwa kuwa haoni kazi yake. Katika mchezo huu huiona kazi yake kabla ya kupepesa jicho.

Fundisho la tatu ni chungu, nalo ni la kuchagua. Hufika wakati ambapo makombora manne yanashuka nawe umebakiwa na mawili. Huwezi kuilinda miji yote. Mtaka yote hukosa yote, na mchezaji asiyekubali kuuacha mji mmoja huipoteza mitatu. Viongozi wa miji, waganga wa hospitali na wazazi wenye mapato madogo hukutana na mizani hii kila siku, na si vibaya kijana aione kwanza mahali ambapo hakuna mtu atakayeumia kwa uamuzi wake.

Fundisho la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: mchezo huu haushindwi. Unaweza kucheza vizuri kwa dakika kumi au kwa saa kadhaa, lakini makombora huzidi na kuzidi, na hatimaye mji wa mwisho hulipuka. Hapo kioo hujaa mlipuko mkubwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Mwisho". Michezo mingine ya wakati ule ilimwambia mchezaji kwamba mchezo wake umekwisha. Huu ulimwambia kwamba mambo yote yamekwisha. Ulitungwa katika siku ambazo Marekani na Muungano wa Kisovieti walielekezeana maelfu ya mabomu ya nyuklia, na Theurer amesimulia ya kuwa kazi hiyo ilimletea ndoto za kutisha, akiona miji ikilipuliwa. Hapo mwanzo miji sita ya mchezo ilikusudiwa kuwa miji ya California, kisha majina yakaachwa. Ikawa heri, kwa sababu mji usio na jina huweza kuwa mji wa yeyote. Mwambie mwanafunzi wa Eastlands aiite miji ile Kaloleni, Bahati, Jericho, Umoja, Kayole na Dandora, kisha umtazame usoni wakati wa tatu unapoungua.

Najua kuna watakaonijibu, nami sitaki kuwakimbia.

Wa kwanza watasema, "Mchezo wa vita ni mchezo wa vita, na vita havifundishwi mtoto." Nawajibu kwamba pana tofauti kati ya kumfundisha mtu kupiga vita na kumfundisha vita ni kitu gani. Mchezo unaompa kijana ushindi kila jioni, akaua mia moja kisha akaenda kula chakula cha usiku, humdanganya kuhusu vita. Missile Command haumdanganyi. Unamwambia waziwazi kwamba makombora yakishaanza kuruka, hata mlinzi hodari hununua muda tu, na kwamba ushindi wa kweli ulikuwa kuyazuia yasiruke. Mwanajeshi mmoja wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alilijua jambo hilo. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo yake ilimwambia kwamba makombora ya Marekani yanakuja. Aliamua ya kuwa mitambo imekosea, akatoa taarifa hivyo, na kweli ilikuwa imekosea. Siku ile dunia ililindwa na mtu ambaye hakuamini upesi.

Wa pili watasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na ya Wajapani. Sisi yatuhusu nini?" Maneno haya ni ya mtu asiyeijua historia ya bara lake. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, kwa mikono ya Waafrika. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliungua kwa moto ambao kuni zake zilitoka katika ardhi ya jirani zetu. Afrika ilijibu kwa namna yake, kwa Mkataba wa Pelindaba uliotiwa sahihi mjini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, ambao unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Na Nairobi yenyewe je? Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu zaidi ya 200 katikati ya mji huu, na wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizo, msomaji, zilikuwa sisi. Na hata leo, tangu vita vilipopanuka Ukraine mwaka 2022, vijana wetu hutazama katika simu zao makombora yakishuka juu ya miji usiku na mengine yakipanda kuyazuia. Wanaona picha ile ile ya mwaka 1980, lakini hakuna aliyewafundisha namna ya kuisoma.

Wa tatu ni vijana, nao watacheka wakisema, "Picha zake ni mistari na nukta. Sisi tumezoea picha zinazofanana na maisha." Hawa nawajibu kwa upole, maana cheko lao ni la ugeni, si la ubaya. Ubao wa bao ni mashimo na kete, wala hakuna aliyewahi kuuacha kwa kuwa kete hazifanani na watu. Mchezo wa dama ni vifuniko vya chupa juu ya kipande cha boksi, na wazee wa Shauri Moyo huufikiria kwa makini kama mahakimu. Uzuri wa mchezo umo katika sheria zake, kama uzuri wa shairi ulivyo katika mizani na maana, wala si katika rangi ya wino. Tena wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mchezo wa mwaka huu utaitwa wa kizamani mwaka ujao, na mwenye kufuata upya peke yake atakimbia maisha yake yote bila ya kufika.

Wa nne ni walimu wenzangu. Watasema hawana nafasi, kwa kuwa silabasi ni ndefu na mitihani iko karibu. Nami nafanya kazi ya kufundisha, nayajua hayo. Lakini nauliza: je, mtaala wetu wa umilisi hautuambii kila siku kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda? Missile Command ni mchezo mdogo kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kuutengeneza mwenyewe katika kompyuta ya shule, kwa lugha za programu kama Scratch au Python. Anahitaji mistari inayoshuka, alama ya shabaha, duara linalokua na kunywea, na hesabu ya kujua kama nukta imo ndani ya duara. Jambo hilo la mwisho ni kanuni ya Pythagoras wala si kitu kingine. Darasa litakalotengeneza mchezo huu kwa muhula mmoja litakuwa limejifunza jometri, mwendo, mantiki na historia ya karne ya 20. Na kijana aliyewahi kuutengeneza mchezo hawi tena mteja tu wa vibanda. Amekwisha kuona jinsi kamba zinavyovutwa nyuma ya pazia, na hata sanduku la kamari haliwezi tena kumroga, kwa sababu ajua kwamba ndani yake mna hesabu iliyopangwa ili yeye apoteze.

Simwambii mtu auabudu mchezo huu. Una mipaka yake. Hauna hadithi, hauna nyimbo, na mwenye kuucheza mchana kutwa atapoteza mchana wake kama mlevi yeyote. Wala sisemi vibanda vifungwe au kandanda iachwe. Nasema tu kwamba meza ya kijana haipaswi kuwa na sahani moja.

Basi haya ndiyo niombayo. Mzazi, kabla ya kuuvunja mchezo, uliza unafundisha nini, na uutenge mchezo wa akili na sanduku la kamari. Mwenye kibanda, weka mchezo huu katika runinga moja. Haukuhitaji uutafute katika masanduku ya mwaka 1980, kwa kuwa Atari wameutoa upya katika mkusanyo wa michezo yao ya kale mwaka 2022. Mwalimu, uulete darasani. Na nyinyi mnaosimamia maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk zikawa tena makao ya watoto wa mitaa hii, tengeni pembe moja yenye kompyuta, mwite vijana washindane nani ataokoa miji mingi zaidi, na aliyeshinda aeleze mbele ya wenzake kwa nini hatimaye alishindwa.

Nawe mwanafunzi, nakuomba jambo moja tu. Utakapoucheza, usihesabu makombora uliyoyaangusha. Hesabu miji iliyosimama. Kipimo hicho kitakufaa hata utakapoondoka mbele ya kioo, ukaingia katika mji wenye watu wa kweli, ambao unangoja walinzi wake.